Marehemu Aliyepanda Ngazi

Ruharo, Mbarara
4 Machi 2012

Papa mpendwa,

Bwana asifiwe. Mimi ni mzima, ila kikohozi kidogo cha vumbi. Mgongo wa Mama unaendeleaje, na maharage ya Juru yamepata mvua? Naandika kwa sababu kwenye simu ungenikata katikati. Byamungu, yule mfanyabiashara wa Misiera huko kambini, anarudi kesho na mzigo wake wa nguo, amekubali kubeba barua.

Papa, kaa chini kwanza. Miaka mitatu hii niliyowaambia nina zamu ya jioni ya kufasiri hospitalini, nilikuwa darasani nikisoma uhasibu. Nimefaulu. Na wiki hii benki mbili za hapa mjini zimenipa barua za kazi. Ya kwanza naiita ya vioo, maana mlango wake ni kioo kitupu na ndani kuna baridi ya mashine. Inalipa karibu mara mbili ya nyingine. Ya pili iko ghorofani juu ya duka la misumari, unapanda ngazi mpaka magoti yanalalamika. Zote zinataka jibu kabla mwezi haujaisha.

Nipe shauri, na baraka. Bila baraka yako sivui koti la hospitali.

Mtoto wako,
Kantengwa


Juru, Nakivale
11 Machi 2012

Mtoto wangu Kantengwa,

Salamu katika jina la Bwana. Maharage yamepata mvua. Mama yako Miriamu, tangu nimsomee barua, mgongo umenyooka na anacheka peke yake jikoni. Mimi sikucheka. Mimi niliyejua kila ng'ombe wa milima ya kwetu amelala wapi, sikujua mtoto wangu jioni yuko wapi.

Halafu kila mgonjwa wa Juru akipelekwa hospitali ya Ruharo, watu humwambia, "Tafuta mutoto ya Nkusi, atakusemea." Sasa nani atawasemea? Nieleze hilo kwanza. Kuhusu benki, ng'ombe hanunuliwi kwa kumsikiliza anayemuuza. Usimjibu mtu mpaka nikuandikie.

Papa yako,
Nkusi


Ruharo, Mbarara
17 Machi 2012

Papa,

Nawasalimu tena, na naomba msamaha wa kweli kwa zile jioni.

Umeuliza nani atawasemea. Miaka saba nimesimama kati ya daktari na mgonjwa, nikibeba maneno ya huyu kumpelekea yule. Ni kazi njema. Lakini miaka mitatu iliyopita, kabla sijaanza masomo, nilimfasiria mjane mmoja wa huko Juru aliyetibiwa macho. Alipopona aliniuliza, "Fasi gani naweza kuweka feza ya mahindi yangu? Chini ya kitanda panya wameitafuna." Hapakuwa na benki ya watu kama sisi ambako ningempeleka nimfasirie. Jioni ileile nikaenda kuuliza ada ya darasa.

Sasa lipo jingine, na hili nalisema kwa haya. Benki ya vioo walinidhani Mnyankole, mwenyeji wa hapa, kwa sababu ya ulimi wangu, nami sikuwasahihisha. Leo wanataka barua ya mwenyekiti wa mtaa ya kuthibitisha kwamba mimi ni mzaliwa wa hapa. Rafiki yangu amenitafutia. Iko mezani, ina muhuri. Imeandikwa kuwa mimi ni binti wa marehemu fulani ambaye sikuwahi kumwona. Maana baba angekuwa hai, wangemtaka aje.

Wale wa ngazi niliwaonyesha kadi yangu ya ukimbizi. Walikaa nayo wiki tatu, kisha wakanipa kazi. Ila mshahara wao, Papa, ni nusu. Kwa ule wa vioo ningewatoa Juru mwaka huu huu. Kuna nyumba ya kupanga karibu nami, ina bomba uani, na Mama angeacha kubeba jerikani. Nimeshindwa kuchagua, usingizi umenipotea.

Mtoto wako,
Kantengwa


Juru, Nakivale
25 Machi 2012

Mtoto wangu,

Marehemu anakusalimu. Anakula vizuri, analala vizuri, na Jumatano alifika Mbarara.

Usikasirike kwamba sikupita kwako. Kwetu mtu akitaka ng'ombe haendi siku aliyoalikwa. Anafika asubuhi bila taarifa, anasimama pembeni, anamwangalia ng'ombe anavyotoka zizini. Basi nilivaa koti la Jumapili, nikapanda baiskeli hadi Base Camp, kwenye ofisi kuu za kambi, nikachukua gari. Nikaingia benki zako zote mbili, na kila moja nikasema nataka kufungua akaunti.

Wa vioo walinipokea kama mchumba. Kiti laini, maji baridi, karibu mzee. Kisha nikatoa kadi ya ukimbizi. Yule dada aliitazama bila kuigusa, akasema kwa upole, "Muzee, hii hapana. Sisi nasaidia wenyeji tu." Hakunifukuza, wala sitamsingizia. Aliniacha nimalize maji.

Wa ngazi hawana hata kiti. Nilisimama saa mbili nzima, na magoti yalisema yote uliyotabiri. Mama wa dirishani, jina lake limebandikwa kifuani, Kyomuhangi, aliichukua kadi yangu akaisoma mbele. Akaigeuza akaisoma nyuma, ule upande uliofifia kwa kukaa mfukoni. Akanitazama. "Nkusi wa Juru. Wewe nakuwa baba ya Kantengwa?"

Nikamwambia, "Ni miye. Na ningali muzima."

Hakuelewa kwa nini nilicheka.

Mtoto wangu, mimi na mama yako tumebeba jerikani miaka kumi na sita, tutabeba nyingine. Lakini kuzikwa kabla ya siku yangu, tena na mwenyekiti ambaye hata chai hatujanywa naye, hilo sitaki. Fanya kazi pale wanaposoma kadi pande zote mbili. Baraka yangu unayo. Ya mama yako ilitangulia siku ya kwanza.

Papa yako, mzima wa afya,
Nkusi


Mbarara
3 Aprili 2012

Papa yangu uliye hai,

Nawasalimu wote kwa furaha. Ile barua ya muhuri niliitia kwenye moto wa sigiri, nikachemshia chai. Nisamehe kwamba ilikaa mezani kwangu siku zote zile.

Jana nilipanda ngazi, siku yangu ya kwanza. Mama Kyomuhangi ndiye mkubwa wangu. Kumbe ndiye aliyewaandikia wakubwa wa Kampala mara tatu juu ya kadi yangu, mpaka wakakubali. Wa vioo wamepiga simu, wameongeza mshahara. Nimewashukuru na kukata simu. Chema chajiuza, Papa, kibaya chajitembeza.

Nimemsimulia Mama Kyomuhangi habari za yule mjane na panya. Hakucheka. Aliniambia niandike habari za wote wenye shida kama yake, kijiji kwa kijiji, nimletee.

Mtoto wako,
Kantengwa


Juru, Nakivale
9 Agosti 2015

Kwa Meneja,
Tawi jipya la benki, Base Camp, Nakivale

Yah: Malalamiko ya mteja

Mheshimiwa Meneja,

Habari za kazi? Sisi wa Juru ni wazima, mahindi yamekauka vizuri, na mgongo wa mke wangu ni uleule.

Nilihudhuria ufunguzi wa tawi lako Ijumaa. Viti vilikuwapo na ngazi haikuwapo, kwa hayo nashukuru. Mjane wa panya alikuwa wa kwanza kwenye mstari, na mimi wa pili, kwa sababu alinisukuma. Byamungu amewaambia watu wa Misiera kwamba benki hii aliileta yeye, kwa kubeba barua.

Uliposimama mbele ya watu wote ukasema, "Miye ni Kantengwa, mutoto ya Nkusi wa Juru, na kadi yangu ni kama yenu," nilitaka kuinuka nionekane. Mama yako alinishika koti. Basi nikalia nikiwa nimekaa, na sioni haya kukuandikia hivyo.

Lakini lalamiko langu liko palepale. Yule dada uliyemweka dirisha la pili alisoma kadi yangu upande mmoja tu. Mwambie ageuze.

Mteja wako wa pili, na papa yako ambaye hajafa,
Nkusi