Shahada ya Kusikiliza

Tanga, 12 Februari 2018

Mwanangu Najma,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, mguu wangu tu ndio haujataka suluhu. Wewe je, unakula?

Baba yako ametangaza mtaa mzima kwamba umepata nafasi ya shahada ya uzamili huko Johannesburg, na ukimaliza utapewa leseni ya kusikiliza watu wenye dhiki za moyo. Kusikiliza! Mimi nimemsikiliza baba yako tangu utotoni na hakuna aliyenipa hata cheti. Tena nasikia mtu akiwa katikati ya kilio mnatazama saa na kumwambia muda umekwisha. Muuza mkaa hukuaga vizuri zaidi.

Soma. Ila usije ukarudi kunitikisia kichwa kama kinyonga.

Shangazi yako,
Mwanaharusi

Bellevue, Johannesburg, 20 Mei 2018

Shangazi,

Shikamoo, na pole na mguu. Mimi mzima, ila baridi imeingia, na chumba changu kimegawanywa kwa ubao mwembamba hata jirani akipiga chafya namwombea.

Ungeliona darasa letu ungecheka zaidi. Tunafanyiana mazoezi: mmoja anajifanya mgonjwa, mwenzake anamwambia, "Nasikia una huzuni." Kuna watoto wa Midrand waliokulia kwenye bwawa la kuogelea, wanamlilia mbwa. Msimamizi wetu ana skafu za hariri na hunong'ona daima, hata akiagiza kahawa. Lakini bila saini yake mazoezi yangu hayahesabiwi, na bila mazoezi hakuna leseni. Basi namnong'oneza nami.

Nimepata mteja wa kweli, mshonaji Mkongo, kaja kwangu kwa sababu ya Kiswahili. Nimwite Célestine, silo jina lake, hairuhusiwi. Mumewe ni mzee wa kanisa mchana. Usiku ni mtu mwingine. Juzi kaniletea samaki wa kukaanga. Kanuni inakataza zawadi, nikamrudishia. Akanitazama: "Weye mutoto, machozi yangu ulikula yote, samaki ndiyo unakataa?"

Mwanao,
Najma

Tanga, 9 Juni 2018

Najma,

Marahaba. Mguu umepoa, moyo ndio umewaka. Umerudisha sahani ikiwa na chakula? Nani kakulea? Huyo mwenye skafu anakufundisha utovu wa adabu, na karo mnamlipa! Siku huyo mama akifiwa, utamwambia akufuate ofisini?

Shangazi yako,
Mwanaharusi

Bellevue, 2 Septemba 2018

Shangazi,

Shikamoo. Mwili mzima. Ulikuwa unapiga ramli nini? Mume wa Célestine amefariki, kagongwa na gari pale kwenye robot, ndizo taa za barabarani kwa lugha ya huku. Msiba ulikuwa mtaa wa pili kutoka kwangu. Msimamizi akanong'ona: nikienda, hasaini. Nikamdharau, nikajifunga khanga, nikaenda.

Nimeosha vyombo, nimekaa mkekani na wanawake. Walipoanza kumsifu marehemu, jinsi alivyokuwa mpole, wakalia. Nami nikalia. Msibani watu hulia, ningefanyaje?

Saini nimenyimwa, narudia mwaka. Hilo ningelimeza. Lakini Célestine hakuja tena. Nikamkuta sokoni Yeoville anachagua nyuzi, nikamwomba arudi.

"Kwako?" akasema, mikono ikiwa bado kwenye nyuzi. "Weye peke yako ulimujua yule bwana. Nilikuona unamulilia."

Nikampa karatasi yenye namba ya mwanafunzi mwenzangu Mburundi, ambaye hakuwepo msibani. Kaikunja bila kuitazama.

Eish, shangazi. Mwenye skafu alikuwa sahihi, na bado simpendi.

Mwanao,
Najma

Tanga, 25 Oktoba 2018

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Barua yako nimeisoma, nikaiweka chini ya mto, nikaisoma tena. Rudia mwaka. Huyo mwenye skafu mtii. Hakuna aliyekuambia umpende.

Nina ombi, na ukicheka nitajua. Nitafutie mtu wa kazi yenu anisikilize kwa simu. Asiwe wa Tanga, asijue ukoo wetu, asiwe amewahi kukanyaga kwangu. Ni habari za marehemu mume wangu.

Usijitolee. Siku tuliyomzika nilitazama watu wote waliojaa ukumbini, nikitafuta japo mmoja mwenye macho makavu. Nikakuona wewe, unalia kuliko wote.

Shangazi yako,
Mwanaharusi