Mke wa Kwanza wa Steringi

Bariadi,
Wakati wa palizi

Mama Rehema wangu,

Salamu nyingi kutoka huku Usukumani. Kabla ya lolote nakuuliza: homa imekuacha? Barua yako iliyosema mama alikupeleka hospitali ukiwa hujiwezi ninayo tangu kabla ya mvua. Naisoma, naikunja, kesho naisoma tena, na jibu sikuandika. Mama hajambo? Rehema anakwenda shule? Mimi mwili mzima. Roho ndiyo haijatulia, na sababu yake inaanzia kwenye sinema. Usicheke kwanza.

Unajua mashine ya kuchambulia pamba inalala mpaka msimu. Tajiri wetu, mmoja wa hawa wanunuzi binafsi walioingia baada ya biashara ya pamba kuachwa huru, hapendi kuona ghala tupu wala fundi aliyekaa bure. Akaleta televisheni, deki na jenereta, tukaziba madirisha kwa magunia, na siku za mnada watu wanaingia kwa kiingilio. Mimi, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwenye mashamba ya mkonge, ndiye mkalimani. Nasimama kando ya kioo na kuwaeleza nani kasema nini. Nisipoelewa, natunga.

Tulianza na picha ya mtu anayetafuta ngoma ya dhahabu milimani. Steringi wa picha, ndiye huyo mtafutaji, alimtoa msichana mtoni katikati ya mamba, akamwoa. Nikaongeza ya kwangu kwamba alitoa mahari ng'ombe arobaini, na ghala likalipuka kwa vigelegele. Tangu siku ile sina amani sokoni, kila mtu anataka kujua sehemu ya pili itakuja lini.

Basi imekuja. Inaanza tu, steringi yuko kwenye ndege anacheka na mwanamke mwingine! Yule wa mtoni hatajwi hata jina. Vijana hawakujali, walikuwa wanashangilia ndege. Lakini Mayu Kabula, mama mwenye nyumba niliyopanga, alisimama mbele ya kioo na kanga yake, akakiziba kabisa.

"Simamisha mashine. Yule wa ng'ombe arobaini ameenda wapi?"

Ningesema sijui. Lakini tajiri alikuwa mlangoni ananitazama, na watu wamelipa. Nikasema, "Alifariki."

"Aliugua nini?"

"Homa," nikasema, na machozi yakanitoka mbele ya watu. Neno hilo, mke wangu, halikutoka kwenye picha. Lilitoka kwenye barua yako.

Picha ilipokwisha, ugomvi ukahamia nje. Vijana wakasema ya pili ndiyo picha, ya kwanza ilikuwa maneno matupu. Wanawake wakasema mwanaume wa namna ile hata ngoma ya dhahabu haimfai. Mzee mmoja mfugaji, aliyetembea kutoka Nkololo kwa ajili ya sinema hiyo, alikuwa na lake: "Mtu amefiwa, mbona hajanyoa nywele? Na zile ng'ombe, wakwe wamerudisha au hawajarudisha?" Mpaka leo sokoni hawajaafikiana. Mimi nilikwenda kulala nikijiona hodari, kwamba nimemwokoa tajiri.

Asubuhi nikasikia hodi. Mayu Kabula na wanawake wenzake watatu, wamekaa chini mlangoni kwangu, na kuku amefungwa miguu.

"Mwangaluka, mwanangu," akaniamkia. "Tumekuja kukupa pole. Mtu halii vile kwa ajili ya mzungu wa kwenye kioo. Tumejua ni wako ndiye amekufa, na wewe ulikuwa unaficha."

Nimekaa hapa msimu wa tatu sasa, na sijawahi kumwambia mtu kwamba nina mke na mtoto Kilosa. Sikukukana, Mungu shahidi. Hawakuuliza, nami nikaona raha kuitwa Kijana wa Mashine. Asubuhi ile walikuwa wanakulilia wewe, Mama Rehema, wewe mzima niliyekuacha nyumbani. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Asanteni." Nikapokea na kuku. Naona haya hata kuandika.

Siku zikapita, kuku yuko mlangoni. Kumla siwezi, ni kuku wa msiba wako. Kumrudisha nikaogopa. Mayu Kabula naye akaanza kumtaja mtoto wa ndugu yake, kwamba ni mchapakazi na mwanaume hakai peke yake. Hapo nikaona maji yamenifika shingoni. Jana nikamfuata shambani, nikamwambia yote.

Hakunifokea. Aliegemea jembe, akaniangalia. "Jana umemuua, leo unamfufua," akasema. "Mdomo wako sisi tutauamini vipi? Kama yupo, mlete tumwone. Kuku atangoja."

Kila ulipoomba nije nikuchukue nilikujibu msimu ukiisha. Misimu imekwisha na wewe bado uko Kilosa. Sina cha kujitetea. Ukiniita, naja na treni ya kwanza nitakayoipata Shinyanga, msimu au si msimu. Ukisema hutaki tena, haki unayo.

Nisalimie mama, umwambie mwanawe amekosa na anajua. Msalimie kaka Juma fundi baiskeli, na shangazi aliyekuuguza. Rehema mbusu kwenye paji la uso. Huku hakuna hata mmoja anayeniita baba yake.

Lakini hayo yote yatangoja. Tangu barua ile ya homa sijapata nyingine, na tangu nilitamke lile neno ghalani silali vizuri. Niandikie, hata mstari mmoja, kwa mkono wako mwenyewe. Mwandiko wa mtu mwingine nitaogopa kuufungua.

Mumeo,
Baba Rehema