Uzi wa Kitovu

Nyumba za Madaktari,
Iringa.
9 Agosti, 1977.

Kwa kaka yangu mpendwa Malimi,

Mwangaluka, kaka. Nakusalimu wewe, shemeji Esta na watoto, na mama nampigia magoti hapo alipo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, mpunga umekwisha kuingia ghalani na ng'ombe wanapata maji. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku mwezi huu inauma mpaka kwenye meno. Kabla sijamshika mtoto mchanga wodini sharti nipashe viganja kwenye jiko la mkaa, la sivyo analia utadhani nimemfinya. Usinicheke.

Katika barua yako uliuliza kwa nini mtu aliyekwisha kuwa daktari amerudishwa darasani. Kaka, kutibu ni jambo moja, na kujua kwa nini unautibu ugonjwa uleule kila mwaka ni jambo jingine. Sisi tunaosomea watoto wachanga tunafundishwa utafiti, yaani kuuliza swali bila kulipangia jibu, kuwasikiliza akina mama waliofiwa na wale ambao watoto wao wanacheza, kisha kulinganisha. Ni kazi ya kuchosha, na ninaipenda kuliko nilivyodhani. Anayetufundisha ni Daktari Philbert.

Naam, yuleyule. Usiitupe barua. Ndiye aliyesimama katikati ya wodi hii miaka minne iliyopita, mtoto wa mdogo wetu Ngolo amekakamaa kwa pepopunda hata titi halishiki, akamwinamia, akanusa, kisha akatangaza mbele ya wakwe na wagonjwa wote kwamba wafugaji tunawapaka watoto kinyesi cha ng'ombe kitovuni, na kwamba bibi huyu, yaani mama yetu, ameua mjukuu wake. Alinusa siagi! Siagi ambayo kila mtoto kwetu hupakwa mwilini ngozi isipasuke. Hajui kutofautisha siagi na kinyesi, lakini kwa kuwa alivaa koti jeupe, pua yake ikawa ushahidi. Yaliyofuata unayajua. Ngolo alirudishwa nyumbani bila hata khanga ya kubadili, na mama akawa mtu ambaye wanawake wakimwona huwafunika watoto wao. Mtoto alizaliwa hapahapa na kitovu kilifungwa hapahapa, lakini hilo hakuna aliyeliuliza.

Nilipopangiwa hospitali hii wenzangu walinipa pole kwa kupelekwa mbali. Mimi nilifurahi, tena furaha isiyo nzuri. Hapa naitwa Evarista, jina la ubatizo, na la ukoo hakuniuliza. Kwake nilikuwa msichana tu kutoka Dar es Salaam mwenye mwandiko unaosomeka.

Mungu naye ana utani wake. Daktari mwenyewe ndiye aliyenipa swali la utafiti. Alitaka nithibitishe kwamba pepopunda ya watoto wachanga inaletwa na kinyesi cha wafugaji, ili jambo hilo lisomwe kwenye mkutano wa madaktari Mbeya, maana anatazamiwa kupewa uongozi wa mafunzo yetu nchi nzima. Nikazunguka vijijini, Idodi na kwingineko, mpaka mipakani mwa Usangu kwetu. Nilikaa kwenye vigoda vya watu nikiuliza mtoto alizaliwa wapi, kitovu kilikatwa kwa kitu gani, kilifungwa kwa kitu gani, kilipakwa nini. Sikufichi, kila nilipouliza niliomba jibu limwangukie yeye. Lakini niliuliza kama nilivyofundishwa, kwa sababu nilitaka likimwangukia asipate pa kuchomokea. Wapo wanaopaka kinyesi kweli, na wapo waliofiwa kwa ajili hiyo, hilo nimeliandika. Ila waliofiwa wengi zaidi hawakupaka chochote. Walijifungulia kwenye wodi yetu.

Basi nikaufuata uzi. Zamani uzi wa kufungia vitovu ulikuwa unakuja umepikwa kwa mvuke, katika pakiti zilizofungwa. Pakiti zilipokwisha, kabla mtoto wa Ngolo hajazaliwa, Daktari aliamuru uchukuliwe uzi wa kawaida wa stoo, uchovywe kwenye spiriti, yatosha. Spiriti haiui chembe za pepopunda, hata mwanafunzi anajua. Nikaingia stoo. Vibunda vya uzi viko kwenye rafu, na chini ya rafu yamepangwa magunia ya samadi ya ng'ombe, kwa ajili ya bustani ya kabichi ya Daktari. Kila gunia likivutwa, vumbi linapanda juu. Kaka, nilisimama pale nikacheka mpaka mtunza stoo akaogopa. Nyani haoni kundule! Kinyesi kilikuwapo kweli, ila kilikuwa chake. Nilipeleka kipande cha uzi maabara, wakazikuta chembe zenyewe. Uliobaki niliuchoma moto siku ileile, ila kipande kimoja nilichokifungia chupani, na tangu tuanze tena kutumia uzi wa mvuke, wodi haijaona pepopunda kwa mtoto aliyezaliwa hapa.

Majibu nilimpelekea ofisini. Alisoma, akavua miwani, akaniambia kosa lilikuwa la dhiki na si lake, kwamba mkutano ukiyasikia haya ameharibikiwa, na kwamba cheti changu kinangoja sahihi yake, hivyo tusaidiane. Nilimjibu kwa upole kwamba nitanyamaza kwa sharti moja. Aende Usangu, amwambie mwanamke mmoja mzee kwa kinywa chake, mbele ya waliokuwa wakwe wa bintiye, kwamba hakuua mtu. Akauliza mwanamke huyo ananihusu nini. Nikamwambia ni mama yangu. Laiti ungeuona uso ule! Baridi ikizidi naukumbuka, napata joto.

Alikubali. Nikamshauri aende siku yenyewe ya mkutano, nami nisimame badala yake Mbeya nizungumzie manjano ya watoto wachanga, jambo lisilomuudhi mtu. Akaniapisha. Niliapa kwa jina la baba yetu Ndalahwa.

Sasa nakuungamia, kaka. Kiapo kile nilijua ninakivunja wakati ulimi ukikitamka. Leo unaposoma haya, mimi nimesimama Mbeya mbele ya madaktari wote, nimeshika uzi, na jina lake nalitaja. Alimwaibisha mama hadharani, halafu msamaha anataka kuuomba porini ambako hakuna mwenzake anayesikia. Haiwezekani. Cheti asitie sahihi, shauri yake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Tena barua hii amekuletea yeye mwenyewe. Nimemwambia nitampa barua ya kumtambulisha ili mumpokee bila ugomvi, akanishukuru. Ndiyo maana juu ya bahasha nimeandika uisome peke yako. Basi usinyanyue uso kumtazama. Mpe kiti, mpe maziwa, watume watu wawaite wakwe. Mwache aseme yote mbele ya mama, asimeze hata neno. Ngolo akitaka kumtemea mate, msimzuie. Akishamaliza, akaaga, ndipo umpe karatasi hizi azisome hapohapo, mbele ya watu.

Nisalimie shemeji na wanao, wajomba, na majirani wote, hata wale waliokuwa wakifunika watoto. Mwambie Ngolo nitakuja Desemba, nitamletea khanga. Mwambie mama alale usingizi.

Na wewe, mwalimu wangu, ambaye bila shaka karatasi hii sasa iko mikononi mwako: shikamoo. Ulinifundisha vizuri. Nakutakia safari njema ya kurudi.

Ni mimi,
Mbuke binti Ndalahwa.