Kilichokuja Baada ya Ila

Alhamisi. Dodoma, upepo tangu asubuhi.

Upepo wa leo hauna adabu. Umebeba vumbi la mtaa wetu mzima wa Chang'ombe umelimwaga kwenye sahani zangu, kwenye shuka, na hata hapa intaneti kafe kibodi inakwaruza kila nikigusa herufi. Sijali. Leo hata ungeng'oa bati la chumba changu ningecheka tu. Leo nimemkomoa mtu.

Nimemkomoa. Naliandika tena ili nilisome vizuri.

Mtu mwenyewe anaitwa Bahati. Ni Mchina, jina hilo alipewa na mwalimu wake wa Kiswahili chuoni huko kwao, nasi tukalipokea bila kuuliza. Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha watu wengi ninaowahoji kwenye hii redio yetu binafsi ninakofanya kazi ya uhariri wa habari. Siku hizi ni mkalimani wa kampuni ya barabara inayochimba upande wa Msalato. Lakini mimi namjua tangu nilipokuwa mwanafunzi kwao. Enzi hizo alikuwa mwandishi wa televisheni ya serikali ya jimbo nililosoma, na alinifanyia kitu ambacho nimekaa nacho kifuani miaka yote hii kama mwiba wa samaki.

Nianze na televisheni yenyewe.

Nilikwenda China nikiwa mtu wa "redio imesema." Nyumbani kwetu, enzi za redio moja nchi nzima, baba akishasema redio imesema, ubishi umekwisha, hata kama hiyo mvua iliyosemwa hujaiona kwa macho yako. Kwa hiyo jioni yangu ya kwanza kwenye hosteli ya wageni, saa moja kamili, nilikaa mbele ya televisheni ya sebuleni kwa heshima zote, mikono mapajani. Habari zikaanza. Na wenzangu wakaanza kucheka.

Walikuwa na mchezo wao. Kabla ya taarifa kila mtu anatabiri: kiongozi gani ataanza kupeana mikono, mavuno ya kitu gani yamezidi ya mwaka jana, na zile dakika za mwisho ni nchi gani ya watu itakayoonyeshwa ikiungua au ikizama. Anayekosea anaosha vyombo vya wote. Chanda sikumbuki kama aliwahi kukosea akashika hata kijiko.

Chanda alikuwa Mzambia, tulilala chumba kimoja. Mrefu, mcheshi, ulimi pilipili kichaa. Ndiye aliyenicheka zaidi, akisema naitazama ile taarifa kama niko msikitini. Na kulikuwa na Sasha, Mrusi, ambaye bibi yake alimfundisha kusoma gazeti kwa kutafuta kisichokuwepo. Usisome kilichoandikwa, alituambia. Tafuta nani hayupo kwenye picha, hiyo ndiyo habari.

Nikajifunza haraka. Mwaka ulipoisha hakukuwa na mgeni pale aliyenishinda kwa kutoamini. Na niseme ukweli, tulizidisha. Ikitangazwa mvua tulitoka bila miavuli makusudi, tukarudi tumelowa chapachapa na bado tunabisha. Tulijiona sisi ndio tumefumbuka macho na wenyeji wamelala, wakati wenyeji wenyewe walikuwa wanakula chakula chao kimyakimya wameipa ile televisheni kisogo.

Basi ikaja baridi ya mwaka wa tatu. Mabomba ya joto ya hosteli yetu yakafa. Wiki ya kwanza tulivumilia, ya pili tukalala na makoti, ya tatu Chanda akalazwa kwa nimonia. Nilimpelekea uji kila siku ndani ya chupa ya chai, na kila siku nilimkuta amepungua. Kifua chake ulikuwa unakisikia ukiwa bado mlangoni.

Ndipo Bahati akaja na kamera. Walikuwa wanatengeneza habari ya wanafunzi wa Kiafrika, wakataka mtu aongee lugha ya kwao, maandishi ya Kichina yapite chini. Wenzangu wote wakakataa. Sasha akaniambia usiende, watakukata. Nikamwambia naenda, hii ndiyo nafasi ya Chanda. Wakiona aibu watatengeneza joto.

Bahati akanisogezea kipaza sauti, akaniuliza kwa upole kabisa: "Habari za hapa, dada?"

Na mimi, mtoto niliyelelewa, nikajibu kama tunavyojibu. Jamani, nani kwetu anaulizwa habari akaanza na msiba? Hata watu wakiwa wamejaa uani kwenye matanga, utasema nzuri kwanza. Bibi yangu alisalimiwa siku ile ile tuliyomzika babu, akajibu, "Salama tu, ila mzee ametutoka." Ndivyo tulivyo. Nzuri ni kumfungulia mtu mlango. Habari yenyewe inakuja baada ya ila.

Nikasema nzuri, tunashukuru, walimu wanatupenda, ila. Na baada ya ila nikamwaga yote.

Kesho yake jioni sebule nzima ikaniona kwenye kioo. Nzuri, tunashukuru, walimu wanatupenda. Nikatabasamu. Wakahamia kwenye mavuno ya machungwa.

Na wodini kwa Chanda nako kulikuwa na televisheni.

Sasa hapa ndipo ninapochemka hadi leo. Watu wasioamini hata utabiri wa mvua wa kituo kile, jioni ile waliamini! Taarifa nzima ni uongo, isipokuwa zile sekunde chache zangu mimi, Zuhura. Hizo zilikuwa kweli tupu. Wakasema Zuhura ametuuza ili aonekane kwenye televisheni. Sasha, mjukuu wa bibi wa kutafuta kisichokuwepo, hakutafuta chochote. Alinyanyuka akazima, akapanda ngazi bila kunitazama.

Chanda hakujua Kiswahili. Alisoma maandishi ya Kichina chini ya uso wangu. Nilikwenda hospitali mbio, nikakaa kwenye kitanda chake, nikamweleza mambo ya ila na jinsi tunavyosalimiana kwetu. Akanisikiliza hadi mwisho. "Ulisema nzuri," akaniambia. "Mimi nakohoa damu, wewe ukasema nzuri." Alirudi kwao kabla ya mitihani, na kitanda chake nilikikuta kimeshatandikwa. Barua zangu tatu hazikujibiwa.

Bahati nilimfuata hadi kwenye geti la kituo chao. Alitoka, akanisikiliza kwa adabu huku theluji ikimwangukia mabegani, kisha akasema kwa Kiswahili safi, hata lafudhi hana: "Pole, dada. Muda haukutosha."

Muda haukutosha!

Milima haikutani, binadamu hukutana. Jana mtambo wa kampuni yao umekata bomba kubwa la maji Msalato, vijiji kadhaa vimekauka. Leo saa nne asubuhi mlango wa studio ukafunguliwa, akaingia Bahati mwenyewe, ameshika kofia, mvi zimeanza kumtoka kando ya masikio. Ametumwa na kampuni aje kuzungumza na wananchi.

Hakunikumbuka. Hilo nalo niliweke hapa. Alinisalimia vizuri, akanishukuru kwa chai, akaketi. Mimi nimeiota sauti yake mara ngapi, yeye hana habari na mimi.

Nikawasha kinasa sauti, nikamuuliza kama ni kweli wamekata bomba. Akajibu kama mtu aliyelelewa Uswahilini: "Ni kweli, dada. Tumekata bomba, kosa ni letu, tunawaomba radhi wananchi, ila..."

Kumbe anaijua! Kumbe anajua kabisa jinsi neno hilo linavyokaa na kazi yake ni nini. Akaendelea, ramani waliyopewa haikuonyesha bomba, mabomba mapya yanafika Jumamosi, na kwa sasa gari la maji litasimama shule ya msingi kesho kuanzia saa moja asubuhi, wananchi waje na ndoo, maji ni bure. Alieleza vizuri, bila haraka. Nikamshukuru, nikamsindikiza hadi nje.

Kwenye kompyuta ya kuhariria, sauti ya mtu inaonekana kama vilima. Niliikuza hadi nikaiona ile ila, kilima kidogo tu cha duara. Nikaweka alama mbele yake. Nikakata. Kanda nzima nikaitia kwenye mtoto wa meza, nikafunga kwa ufunguo.

Taarifa ya saa saba mchana ikaenda hewani. Ni kweli, dada. Tumekata bomba, kosa ni letu, tunawaomba radhi wananchi. Halafu tangazo la sabuni. Nilikaa pale mikono nimeikunja nikasikiliza kama mtu anayekunwa mgongo.

Haikufika nusu saa akapiga simu. Nyuma yake nilisikia watu wakifoka. Wamezunguka gari lao pale Msalato, wanataka kujua kama radhi inanyweka. Akaniuliza, sauti imemkauka, mbona tumeyaacha maelezo ya maji. Nikamwacha amalize yote. Kisha nikamwambia taratibu, neno moja moja, kama unavyomlisha mtoto: "Pole, kaka. Muda haukutosha."

Nyuma yake watu wakaendelea kufoka.

Halafu, kwa sauti ndogo: "Dada Zuhura?"

Nikakata simu. Haki ya Mungu, sijawahi kulisikia jina langu likiwa tamu vile. Nilitoka ofisini natembea kwa madaha, vumbi linanipiga usoni mimi nacheka peke yangu. Mkuki kwa nguruwe, eti. Na wewe uonje.

Ingeishia hapo ningekuwa nimeshalipia hii kafe nikaenda zangu. Lakini nilipofika nyumbani saa kumi nilimkuta mama mdogo kakaa kwenye ngazi na madumu mawili matupu. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, anaishi Msalato. Na mimi tangu asubuhi sikumkumbuka hata mara moja.

"Shikamoo, mama. Habari za Msalato?"

"Marahaba, mwanangu. Nzuri, ila maji hakuna."

Nilisimama na ufunguo mkononi. Yeye akaendelea kupangusa vumbi kwenye kitenge chake. Akasema amesikia redio yetu mchana. Akaniuliza yule Mchina tulimkatia nini. Nikajifanya sijaelewa. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mdogo nikidanganya kuwa sijaonja sukari.

"Sauti yake haikutua," akasema. "Mtu anakiri kosa, halafu sauti inabaki juu? Pale palikuwa na ila. Alisema nini baada ya ila?"

Mama mdogo kaishia darasa la nne. Kisichokuwepo alikisikia kwa sikio tupu, jikoni, anachambua mlenda. Ile sauti yangu kule China nayo haikutua, naijua, nilijisikia mwenyewe. Lakini sebule nzima ile ya wajuaji hakukuwa na mtu mmoja mwenye sikio lake.

Nilimfungulia bomba, nikajaza madumu bila kuinua uso. Akanieleza kwamba wanawake wa kwao wamekubaliana: kesho alfajiri wanakwenda korongoni kufukua mchanga watafute maji, kwa miguu, mwendo wa saa mbili kwenda na mbili kurudi, na watoto mgongoni. Saa ile ile ambapo gari la maji litakuwa limesimama shuleni peke yake.

Nikamwambia kuhusu gari. Akauliza nimejuaje. Nikasema yule Mchina alisema. Akauliza alisema wapi, maana hewani yeye hakusikia. Nikafunga bomba. Hakunikaripia. Alijitwika dumu moja, nikamshikia la pili hadi kituo cha daladala, na njia nzima aliongea habari za kuku wake.

Najua alichofanya. Alinistahi.

Sasa ni saa kumi na mbili na nusu. Taarifa yetu ya jioni ni saa moja kamili, saa ile ile ya kule, na ufunguo wa mtoto wa meza uko hapa chini ya mkono wangu. Nitaitoa kanda na kuirusha yote, na ramani yake, na Jumamosi yake, na gari lake la maji, hata wakinilaumu kuwa imekuwa ndefu. Muda utatosha.

Ila sijamsamehe. Naomba ieleweke. Nafanya hivi kwa ajili ya ndoo za Msalato, si kwa ajili yake, na kesho nikikutana naye barabarani nitavuka upande wa pili. Chanda pia sijamsamehe, na ningetoa chochote anijibu.

Yeye ila yake naenda kumrudishia. Yangu nani atairusha, na wapi? Basi niiweke hapa, maana hapa hakuna mhariri isipokuwa mimi, na mimi leo nimeshakata vya kutosha. Bahati aliniuliza habari za hapa, nami nikamjibu hivi:

"Nzuri, tunashukuru, walimu wanatupenda, ila hosteli yetu haina joto wiki ya tatu sasa, na mwenzetu Chanda amelazwa, anakohoa damu, ni rafiki yangu, naogopa atakufa, tafadhali tusaidieni."