Gololi Iliyogoma Kushuka

Kariakoo, Dar es Salaam

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima kabisa, ila sukari ndiyo ya kupanga foleni. Mgongo wako unaendeleaje? Kahawa mmeshaanza kuchuma?

Sijasahau neno lako, kwamba nisipopata meza yangu ya ufundi kufikia Krismasi, nirudi nyumbani moja kwa moja. Sasa sikiliza.

Mwenye hoteli jirani yetu aliachiwa mashine na mgeni mmoja aliyerudi kwao. Ni kama meza yenye kioo juu. Unafyatua gololi ya chuma, inagonga huku na huku, taa zinawaka na nambari zinapanda. Imechorwa mabaharia wa kale wakivamia ngome kwa mapanga, na mmoja ana ndevu kama zako. Ilikuwa imekufa, akatuletea hapa karakanani. Mzee Nassoro, bosi wangu, akaniambia, "Ndani mna transista tupu, kama redio. Ukiifufua kabla ya Jumamosi, meza ya dirishani yako. Ukishindwa usije kunililia."

Betri ilikuwa imevuja na kula nyaya. Vipuri hakuna, kwa hiyo nikasugua kwa ndimu na mswaki, kisha nikalehemu nyaya zilizokatika kwa risasi. Taa zikawaka. Tukaisimamisha kwa pima maji mpaka ikalala sawasawa, maana sisi tunajua meza nzuri haimwagi chai. Nikafyatua gololi, ikapanda, ikasimama pale pale ngomeni. Siku mbili nilitafuta ubovu kwenye nyaya, na moyo uliniuma kweli.

Ijumaa asubuhi nikawa napiga deki. Maji yakakimbilia mlangoni, kwa sababu sakafu yetu ina mteremko. Nikaacha ndoo hapo hapo. Gololi ingeshukaje kwenye meza iliyolala? Nikaweka matofali mawili chini ya miguu ya nyuma.

Baba, ilishuka. Milio ilitoka hadi wauza vitenge wakaacha wateja. Mzee Nassoro alicheza mpaka chai yake ikapoa, na kila nikiomba zamu ananijibu, "Subiri kwanza niiteke hii ngome."

Meza nimepewa. Krismasi nitakuja tule pamoja, halafu nitarudi kazini. Najua ulitaka nibaki, na nimekukumbuka sana, lakini nina furaha na nataka uwe nayo pia.

Msalimie Mama, na kaka anayekusaidia shambani. Shangazi aliyesema vidole vyangu ni vya kumenya ndizi tu, mwambie vinalehemu pia.

Ni mimi binti yako Ndeshi, ambaye hapa sasa wananiita Fundi.