Salamu Zilizokatwa

Kaka Guyo,

Tangu tukuzike Garbatulla sijakalia kiti chako hapa ofisini. Natumia kile cha plastiki, mgongo unaniuma, basi.

Ile ripoti ya maboza ya maji ilikwama wiki ile ile ya msiba. Unaijua: inapanga jumbe za vijijini ili waliokaa muda mrefu bila maji watangulie. Kiangazi hiki jumbe zimetufurika, kumbukumbu ya seva ikashindwa kuzipanga. Kazi ikamwagikia kwenye diski, diski ikajaa, ripoti ikafa kabla ya kutoka. Wewe ungeangalia kwanza seva imebeba nini wakati wa kupanga. "Khadija, usikimbilie kuongeza memori. Wote wakifungua ripoti pamoja, kila mtu anameza memori yake."

Mkuu mpya wa ofisi hakungoja nirudi kutoka mazishini. Aliona jumbe ni ndefu, akaamuru kila mmoja ukatwe, ubaki mwanzo tu. Ripoti ikatoka haraka. Naambiwa ofisini walipiga makofi.

Mwanzo tu, Guyo! Nani kwetu huanza na shida? Mtu wa Sericho atakusalimu, aulize watoto, mifugo, mvua, hata paka wa ofisi, ndipo mwishoni kabisa aseme kisima kimekauka. Ulikuwa unanisomea zile salamu kwa sauti tukinywa chai, ukicheka mpaka unafuta macho.

Ujumbe wa mama yako kutoka Sericho nao ulikatwa. Alianza kwa kutushukuru kwa kukuzika vizuri. Aliyepanga safari za maboza akaona shukrani, hakuona ombi, akapeleka maji kwingine. Niliporudi niliutafuta ujumbe mzima kwenye simu ya ofisi. Mwisho wake ulisema pampu imekufa, wanakunywa maji ya dimbwi, na mtoto wa dada yako Talaso anaharisha.

Boza lilipofika walikuwa wameshamzika. Nina hasira, Guyo.

Nimerekebisha vile ulivyonifundisha. Seva inapanga namba ya ujumbe na tarehe peke yake, vitu vyepesi vinavyoenea kwenye kumbukumbu. Maneno yenyewe inayachukua baadaye, yakiwa mazima. Diski imetulia. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Asubuhi moja tu, na mtoto yuko mchangani.

Mkuu anasema mambo yamekwisha, tusonge mbele. Ningefungua mdomo ningefukuzwa kazi, na hapo nani angebaki wa kusoma jumbe hizi?

Jana mama yako alituandikia tena. Niliufungua ujumbe nikidhani mkuu ameukata tena, nikahakikisha mara mbili. Haukukatwa. Ni maneno mawili tu: "Leteni maji."

Kwaheri, kaka. Allah akurehemu, akupe kivuli huko uliko. Naondoka na boza la leo kwenda Sericho. Nakuahidi nitaketi mkekani kwa mama yako, nimsalimu, nimuulize habari moja baada ya nyingine, hata asiponijibu.

Khadija