Chemchemi Nyuma ya Jiko

2 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko mezani kwako, kwenye faili zako za mabwawa? Kifua kimepona? Usinidanganye. Sisi wazima. Bonge ameota jino la pili na wa kwanza kung'atwa ni mimi ninayemnyonyesha.

Nina habari tamu. Nyuma ya jiko langu, pale mteremko wa tuta la bwawa unapoishia, yametokea maji! Yametokea yenyewe tu. Ni safi, unaona hadi mchanga wa chini. Tangu niolewe napanda na ndoo kutoka mtoni mpaka shingo imeingia mabegani. Sasa nafua nepi huku sufuria iko motoni. Jirani yangu Mama Pacha anasema nimelipiwa mahari ya pili.

Baba Bonge na wenzake wamepajengea. Wameziba kote kwa mawe na sementi, wakaacha bomba moja jembamba. Pazuri, kaka. Ukija utaoga.

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mko wazima. Kifua kimetulia, kweli. Mbusu mpwa wangu, mwambie mama haliwi.

Barua yako niliianza nikicheka, nikaimaliza nimesimama. Bwawa lenu ni tuta la udongo, na udongo hutoa jasho. Jasho likiwa safi, sisi wakaguzi tunaliangalia tu. Likitoka na udongo, ujue tuta linaliwa kwa ndani. Lakini kinachonitisha zaidi ni kwamba maji mmeyaziba. Ziwa zima linasukuma hapo nyuma. Mkiyafungia mlango huu, yatatafuta mwingine humo humo ndani.

Vunjeni hiyo sementi. Mwageni mchanga wa mtoni, juu yake kokoto, ili maji yapite na udongo ubaki. Kila asubuhi kinga glasi uitazame.

Nimemwambia bosi. Anasema tuta lilishakaguliwa, watu wanataka umeme, na nisitie nchi hofu kwa sababu dada yangu kapata pa kufulia. Nimeomba gari nije mwenyewe. Bado sijapewa.

Kaka yako

19 Machi

Kaka,

Shikamoo. Natumaini wewe unalala, maana mimi usingizi umeniruka.

Niliwasomea majirani barua yako pale pale bombani. Mama Pacha akatua ndoo. "Kwa hiyo huyo kaka yako mwenye tai anatuonea wivu hata pa kufulia?"

"Anasema ni hatari."

"Hatari ni kupanda na ndoo kichwani na mimba tumboni. Yeye amewahi?"

Wakacheka, na mimi nikacheka, nisamehe. Baba Bonge hakucheka. Alisema, "Atakayegusa sementi yangu, anianze mimi."

Nikangoja aende zake kiwandani kupasua mbao. Nikamfunga Bonge mgongoni, nikachukua nyundo ya baba yake. Kila nikipiga mtoto anacheka, anadhani namchezesha. Jiwe la mwisho lilisukumwa na maji yenyewe, nusura linivunje mguu. Mchanga na kokoto nimebeba peke yangu, karai kwa karai. Baba Bonge aliporudi hakufoka. Alikula amenipa mgongo. Afadhali angefoka.

Leo maji yametoka rangi ya chai ya maziwa. Nimeyaacha yatulie, chini pamebaki udongo mwekundu kama ule wa tuta. Mtandao huku hakuna, unajua. Nimempa dereva wa gari la maziwa barua hii na chupa ya hayo maji. Nimemwambia ni dawa ya mgonjwa, asithubutu kuimwaga.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Leo sisalimii. Dereva anageuza na barua hii sasa hivi.

Chupa niliiweka mbele ya bosi katikati ya kikao. Akasema, "Iandikie ripoti." Nikatoka nje, nikapiga ile simu ya waya ya bwawani: fungueni milango, shusheni ziwa, ni amri ya ofisi. Amri hakuna. Ni mimi.

Mchukue Bonge mpande kwa mama mkwe wako kule juu. Usifungashe kitu. Gonga kila mlango. Mama Pacha akikutukana, pokea, mradi atukane huku anapanda.

Kaka yako

30 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Hii ni barua yangu ya tatu bila jibu. Dereva anasema ofisini kwako walimwambia huyo mtu hayupo tena hapa, wakafunga dirisha. Unakula? Kifua je?

Tuta halikupasuka. Ziwa lilishuka, yakaja malori ya mchanga na kokoto. Msimamizi wao aliingiza mkono kwenye tundu nyuma ya jiko langu, ukazama hadi begani, akautoa haraka kama aliyeungua. Wakamwaga kokoto pale pale. Jiko langu liko chini yake, na chumba changu, na nyumba nzima ya Mama Pacha.

Wengi hawanisemeshi. Umeme ulikatika, kiwanda cha mbao kikasimama, nyumba zimekwenda, na hakuna hata kuku aliyekufa. Mama Pacha aliniuliza mbele za watu, "Hayo mafuriko ya kaka yako yako wapi?" Pacha wake walikuwa wanakimbizana miguuni pake. Sikuwa na kingine cha kumwonyesha.

Sasa wameanza kulijaza ziwa tena. Baba Bonge anasema turudi chini, kazi imefunguliwa. Nimemwambia tutajenga, lakini huku juu. Chini nitashuka kila asubuhi kutazama maji, kisha nirudi kwa mwanangu. Baadaye akasema siku nitakayoumwa atashuka yeye.

Niandikie uko wapi, kaka, hata mstari mmoja. Na uniambie nani amekalia kiti chako. Ni mtu wa kufungua barua ya mtu kama mimi, au wa kuitupa? Vyovyote alivyo, nimeshamwanzia barua yake. Salamu nimeandika. Pa kuandika rangi ya maji nimepaacha wazi.

Mdogo wako